Kurasa Nne za Zainabu

Ninyi mlioanza kazi ya tathmini juzi, mnaozunguka na vishikwambi na kutuma majibu mjini kabla hata hamjapanda gari la kurudi, mkiuliza habari zangu mtaambiwa Salome alikuwa hodari wa madodoso. Ni kweli. Nilitunga maswali kwa miaka mingi hapa Dodoma, na yapo mengine bado yanatumika bila ninyi kujua yalitoka kwa nani. Ila kuna jambo ambalo hamtaambiwa, kwa sababu wanaolijua ni wachache na wamenistahi. Nilikuwa na wivu. Nilimwonea wivu mfanyakazi mwenzangu mmoja mpaka nikafanya jambo ambalo sikupaswa kulifanya, na mtu ambaye hakuwa na ugomvi na yeyote akaumia.

Kwanza niwaeleze kazi yetu, kwa ajili ya wale wasioijua. Wenzetu walifanya kampeni: mabango, vipindi vya redio, mikutano ya hadhara, fulana. Waliwaambia watu wasimeze antibiotiki ovyo, wasinunue bila kuandikiwa, wasiache dozi katikati, wasigawane, maana vijidudu vikishaizoea dawa, siku utakapoihitaji kwelikweli haitakusaidia. Sisi tulikuja nyuma yao kuuliza: watu wamesikia? Na waliosikia, wamebadilika? Ni kazi ya kupita nyumba hadi nyumba, kukaa, kuuliza, kuandika. Inaonekana nyepesi.

Safari yangu ya kwanza niliteremka kutoka kwenye gari lililobandikwa tangazo la kampeni ubavuni, nikamuuliza bibi mmoja aliyekuwa anapepeta uwele kama amewahi kuona ujumbe wowote kuhusu antibiotiki. Akasema ameuona. Nikamuuliza ameuona wapi. Akanyoosha kidole kwenye gari letu. Nami nikaandika "ameona", nikaendelea na swali la pili. Ilinichukua muda kuelewa kwamba jibu lile nilikuwa nimelibeba mwenyewe kutoka mjini. Kwa hiyo acheni gari mbali, na fulana ya kampeni msiivae siku ya kuuliza, hata kama ndiyo nguo safi mliyobaki nayo.

Mara nyingine, katika mitaa ya Area D, nilikuwa na swali nililolipenda sana: mara ya mwisho ulipoandikiwa dawa, ulimaliza dozi? Karibu kila mtu alisema alimaliza. Nilifurahi mno, mpaka mama mmoja mchangamfu alipojibu kwamba ndiyo, waliimaliza yote, yeye, mume wake na mama mkwe. Nilicheka naye, lakini njiani nikawa najiuliza ni "ndiyo" ngapi nilizokwisha kuandika zilizokuwa za namna ile. Tangu hapo nikajifunza kuuliza: alikula nani, asubuhi ngapi, zilibaki ngapi, ziko wapi. Mkuu wetu wa kitengo, Dokta Lyimo, alilipenda sana badiliko hilo. Alinisifu mbele ya watu, nikazoea kusifiwa. Nadhani shida yangu ilianzia hapo.

Zainabu alikuja kwetu akitokea chuoni kule Chimwaga. Alikuwa mwembamba, msikivu, na kijidaftari chake cha mistari alikifunga kwa mpira wa nywele. Kwao ni Chemba, wazazi wake wakulima, na lugha ya nyumbani kwao ni Kisandawe, ile yenye sauti za kudonoa ulimi kwenye kaakaa. Nilipangiwa kumfundisha kazi. Nilimfundisha, na kwa moyo mmoja, kwa muda wa kama mwezi hivi.

Halafu nikaanza kuona mambo. Tukifika nyumbani kwa watu, mimi nililetewa kiti. Kiti kilifutwa vumbi, kikawekwa mahali pazuri, nikakaribishwa kwa heshima zote. Zainabu alichukua kigoda akasogea jikoni, na dakika kumi baadaye nilisikia watu wanacheka huko. Miaka yangu yote ya kazi sikumbuki nilipochekesha mtu kijijini. Mzee Chilongani, dereva wetu, aliyekuwa na hadithi zake za kila safari, alizoea kunisimulia mimi niliyekaa mbele. Sasa alinisimulia mimi huku macho yake yako kwenye kioo, akiangalia kama Zainabu aliyekaa nyuma amezipenda. Ofisini, Dokta Lyimo akiingia asubuhi alikuwa anauliza Zainabu yuko wapi. Hakuuliza kwa ubaya. Mimi nilikuwa pale pale mbele yake.

Laiti angekuwa na majivuno, ningepata pa kumshikia. Hakuwa nayo. Kila asubuhi aliniamkia, akaniita dada, na akiniletea maandishi yake aliniomba nimrekebishie. Niliyarekebisha mpaka mahali pasipohitaji. Nilibadilisha "wakazi" kuwa "wananchi", kesho yake "wananchi" kuwa "wakazi". Alishukuru mara zote mbili.

Basi kampeni ikafanyika katika vijiji kadhaa vya Chemba, nasi tukaenda kuitathmini. Dodoso lilikuwa langu, na majibu yalikuwa mazuri ajabu. Ukimuuliza mtu kama antibiotiki inatibu mafua, anasema haitibu. Ukimuuliza kama ni sawa kuinunua bila kuandikiwa, anasema si sawa, ni hatari. Nilianza kutunga ripoti kichwani.

Siku ya tatu tulikuwa kwa mama mmoja mfugaji wa kuku. Alinijibu maswali yote sawasawa, akaongeza kwamba yeye mwenyewe antibiotiki hazitumii kabisa. Nilifunga karatasi zangu, nikawa najiandaa kuaga. Zainabu akamwomba kitu ambacho hakikuwemo kwenye dodoso.

"Mama, naomba utuonyeshe dawa zote zilizomo nyumbani."

Mama aliingia ndani, akatoka na kopo la maziwa ya unga. Ndani yake mlikuwa na vidonge vya homa, dawa ya minyoo, na vile vidonge vya maganda yenye rangi mbili, vimefungwa kwenye kipande cha gazeti. Zainabu akamuuliza hivyo ni vya nini. Mama akasema hizo ni rangi mbili, dawa nzuri sana, za mafua, za tumbo, za kidonda, na kuku wakizubaa anafungua moja anaimwaga kwenye maji yao. Zainabu akamuuliza taratibu kama rangi mbili si antibiotiki. Mama akashangaa. Akasema hapana, antibiotiki ni zile mlizotukataza.

Nilisikia vizuri kabisa. Nilielewa palepale, kama mnavyoelewa ninyi sasa. Sisi tulikuwa tunauliza habari za antibiotiki, na watu walikubali kwamba antibiotiki ni hatari, na walizikwepa, huku wakimeza rangi mbili asubuhi na jioni. Lile neno letu halikuwahi kuingia ndani ya kopo la maziwa. Majibu yangu yote mazuri yalikuwa yanahusu dawa ambayo machoni mwa watu haikuwepo.

Nami jambo la kwanza nililohisi halikuwa hofu juu ya kampeni. Nilijiuliza: kwa nini yeye?

Siku zilizobaki Zainabu aliuliza swali lake kila nyumba, na kila nyumba kopo au mfuko ulitoka, na karibu kila mara rangi mbili zilikuwemo. Jioni aliandika. Tuliporudi mjini alinikabidhi kurasa nne, kwa mwandiko wake mdogo ulionyooka, zikieleza yote hayo, na mwishoni pendekezo: kampeni itumie jina ambalo watu wanalitumia, na mhudumu ashike dawa yenyewe mkononi, aionyeshe. Alisema ninaweza kufupisha nikiona inafaa.

Nilitafuta namna ya kumkosoa. Nikaenda mjini kwenye duka la dawa la Bwana Ramnik, ambaye familia yake imeuza dawa pale tangu babu yake, na ambaye nilimfahamu tangu nikiwa msichana. Nilimweleza kijuujuu, nikitumaini atasema hayo ni ya vijijini tu. Bwana Ramnik alivua miwani akaifuta. Akaniambia, "Dada Salome, tangu nisimame nyuma ya meza hii, hakuna mteja aliyeniomba antibiotiki isipokuwa wewe." Wote wanaomba rangi mbili, akasema, akiwadai cheti wananuna wanakwenda kwingine. Nikamuuliza mbona hajawahi kuniambia. Akasema hakuna siku niliyomuuliza. Kila nilipofika nilikuwa na karatasi yenye maswali yangu tayari.

Kwa hiyo msije mkanitetea kwamba sikujua. Nilijua, na nilikuwa nimethibitisha. Nikakaa mezani kwangu nikaandika ripoti, na kurasa nne sikuziingiza. Nilijiambia kwamba rangi mbili ni lugha ya mtaani na ripoti ni kitu cha kitaalamu. Nilijiambia hazikutoka kwenye dodoso, kwa hiyo haziwezi kuhesabiwa. Mtu mwenye wivu hakosi sababu, na zangu zilikuwa zimepangwa vizuri. Ukweli ni kwamba niliona mbele yangu ukumbi umejaa watu na Zainabu amesimama anaeleza alichogundua, na Dokta Lyimo anatikisa kichwa kwa kuridhika, na mimi nimekaa safu ya pili. 

Siku ya kuwasilisha ripoti, ukumbini nilisimama mimi. Nilionyesha kwamba ujumbe umeeleweka. Watu walipiga makofi, wakaamua kampeni ipelekwe vijiji vingine vilevile ilivyo, na mabango yaleyale. Zainabu alikuwa amekaa nyuma. Baadaye alinijia akaniuliza kurasa zake zimekuwaje. Nikamwambia Dokta alisema ripoti imekuwa ndefu mno. Akasema sawa, dada. Alikubali upesi, na hilo nalo liliniudhi.

Ilipita kama mwaka na ushei. Tukatumwa kutathmini vile vijiji vipya. Zainabu alikuwa bado yuko nasi, na safari hiyo Mzee Chilongani alikuwa ametuletea karanga za kukaanga, akampa yeye mfuko ili atugawie. Nawaambia hata hilo nililihesabu.

Nyumba ya nne au ya tano ilikuwa ya Mzee Hamisi, mkulima wa uwele na ufuta, mtu mrefu aliyekuwa amekaa kwenye ubao mlangoni kwake na gongo la kutembelea pembeni. Alikuwa amevaa fulana ya kampeni, imepauka kwa kufuliwa. Mguu wake wa kulia ulikuwa umekatwa chini ya goti. Nilimwamkia, akaitika, kiti kikaletwa, nikaanza. Alijibu vizuri kuliko mtu yeyote niliyewahi kumhoji. Alikumbuka mkutano ulifanyika wapi, nani alizungumza, na mambo yote waliyokatazwa, kwa mpangilio. Niliandika kwa furaha. Nilipomaliza, Zainabu akasogea karibu naye, akamuuliza jambo kwa Kisandawe.

Walizungumza muda mrefu. Zainabu alianza kuandika, halafu akaacha. Nikamwona ameweka kalamu chini na mikono yake ameifumbata mapajani. Nikamuuliza anasema nini. Mzee akanigeukia, akanieleza mwenyewe kwa Kiswahili.

Alichomwa na mwiba shambani, miezi kadhaa baada ya mkutano. Kidonda kikakataa kupona. Aliwaza kwenda kununua dawa, akakumbuka aliyoyasikia, akasema moyoni antibiotiki hagusi. Akatumia rangi mbili. Alimeza mbili mbili maumivu yakizidi, yakitulia akaacha, na nyingine alifungua ganda akamwagia unga kwenye kidonda, kama walivyofanya wazee wake. Akafanya hivyo miezi. Alipopelekwa hospitali, mguu ulikuwa umeshaanza kunuka, wakajaribu dawa moja, wakabadilisha, wakabadilisha tena. Daktari akamwambia vijidudu vimezizoea dawa. Wakakata wamwokoe.

"Antibiotiki sijagusa tangu siku ya mkutano," akaniambia. "Niliwasikiliza."

Mkewe alileta kopo. Ndani yake vilikuwa vimebaki vidonge vitatu vya rangi mbili. Zainabu akachukua moja, akaiweka kwenye kiganja, akamweleza kwa Kiswahili ili na mimi nisikie, kwamba hii ndiyo antibiotiki, ndiyo iliyosemwa mkutanoni. Mzee Hamisi aliitazama, akaitazama, mpaka nikatamani apige kelele. Hakupiga. Aliuliza tu, kwa sauti ya mtu anayetaka kujua: "Sasa mbona hamkuitaja kwa jina lake?"

 Zainabu alinitazama mara moja, akashusha macho.

Tulipotoka, Mzee Chilongani alikuwa upande wa pili wa gari anakagua tairi. Zainabu alisimama, akaniuliza kama Dokta alizisoma zile kurasa kwanza kabla ya kusema ziondolewe, au alisema tu. Ningeweza kuendelea na uongo wangu. Uongo wenyewe ulikuwa tayari mdomoni, na Dokta hakuwepo. Lakini nilikuwa bado naiona ile fulana. Nikamwambia Dokta hakuziona. Nikamwambia niliziondoa mimi, kwa sababu zilikuwa zake.

Nilimsubiri alie au anitukane. Aligeuka, akaangalia kwenye mashamba ya ufuta. Halafu akasema, "Sitakwambia si kitu." Akasema nimweleze Dokta Lyimo kwa kinywa changu, na nimweleze Mzee Hamisi pia, si yeye amweleze kwa niaba yangu. Akafungua mlango wa gari, akakaa nyuma. Mzee Chilongani alisimulia peke yake mpaka tukafika barabara kuu.

Kwa Dokta nilikwenda kesho yake asubuhi. Nilimpa zile kurasa. Nilikuwa sijazichana, sijui kwa nini. Alizisoma zote mbele yangu, akarudia ya tatu. Hakunifukuza kazi, na nilikuwa nimejiandaa kufukuzwa. Aliniambia kuanzia siku hiyo kazi ya tathmini ya kampeni ile itaongozwa na Zainabu, nami nitakuwa chini yake kama mwandishi wa takwimu, na kwamba nitakaporidhika kukaa hapo ndipo tutazungumza mengine. Barua ya kusimamisha mabango ya zamani iliandikwa siku hiyohiyo.

Kwa Mzee Hamisi nilikwenda peke yangu, wiki iliyofuata. Nilimweleza kwamba yuko mtu aliyejua mapema, aliandika, na mimi nikaficha, na ndiyo maana mkutanoni kwake dawa haikutajwa kwa jina. Nilimweleza nikiwa nimesimama, kwa sababu safari ile sikuletewa kiti. Alisikiliza mpaka mwisho. Akaniuliza kama huyo aliyeandika ndiye binti aliyezungumza naye Kisandawe. Nikasema ndiye. Akasema, "Nimekusikia."   Mkewe alikuwa anachambua mboga hapo karibu, na hakuinua kichwa chake hata nilipoaga.

Watu wengi hupenda kusikia kwamba baada ya kukiri mtu hupona. Mimi sikupona. Nilikaa chini ya Zainabu miaka, na miaka hiyo wivu ulikuwepo kila asubuhi, umekaa na mimi ofisini. Tofauti ni kwamba sasa haukuwa na pa kujificha, mimi mwenyewe nilikuwa nimeshauanika. Yeye alinitendea haki. Alinipa kazi ninazoziweza, alinisikiliza kwenye vikao, jina langu aliliandika palipostahili. Ila hakuniita dada tena. Nilikuwa Bi Salome. Shikamoo Bi Salome, naomba unisaidie hili Bi Salome. Hakuna mtu ofisini aliyeona kasoro yoyote kwenye adabu ile. Mimi niliisikia kila mara.

Mabango mapya yalikuwa na picha kubwa ya kidonge na maandishi mafupi: rangi mbili ni antibiotiki. Mikutanoni wahudumu walikivua kidonge kwenye pakiti wakakipitisha mkono kwa mkono. Niliona kwa macho yangu watu wakiguna, wakitazamana, wengine wakicheka kwa aibu, na wanawake wakiuliza maswali ambayo kwa miaka yangu yote ya madodoso sikuwahi kuulizwa: basi na kuku? Basi na zile nilizobakiza? Basi mwanangu niliyempa jana? Nilifurahi kuyasikia, na wakati uleule roho iliniuma kwamba si mimi niliyeyafungulia mlango.

Nilijifunza mengi kwa kumtazama. Nilijifunza kukaa chini. Nilijifunza kutouliza swali ambalo jibu lake sahihi limeshaandikwa kwenye bango la barabarani, maana hapo unapima kumbukumbu, hupimi maisha. Muulize mtu mara ya mwisho alipougua alianza kufanya nini, kisha akafanya nini. Muulize kwa neno lake, na kama hulijui neno lake, mwombe akuonyeshe kitu chenyewe. Na mkirudi na majibu mazuri sana, tieni shaka kwanza kwenye swali kabla ya kufurahi. Na maandishi ya mwenzako yakikuuma, yasome mara ya pili, kwa sababu huenda yanakuuma kwa kuwa ni ya kweli. Haya yote nimeyatoa kwake. Nimejaribu kuyaandika kama yangu, nimeshindwa.

Nilistaafu, nikahamia Miyuji, nyumba ndogo yenye kibaraza na mipapai miwili. Zainabu alikwenda kusoma zaidi, akarudi na udaktari wa falsafa, na sasa anafundisha. Nikimsikia redioni nasikiliza mpaka mwisho, nikitafuta mahali alipokosea.

Mwezi uliopita alikuja binti mmoja getini, jina lake Neema, na kishikwambi chake, anafanya tathmini ya kampeni mpya. Aliniamkia vizuri, akaeleza kazi yake, na mimi sikumwambia kwamba naijua. Nilitaka kumsikiliza. Aliuliza kwa utulivu, na nilijibu kila kitu sawasawa, kama Mzee Hamisi. Halafu akasema anaomba nimwonyeshe dawa zote zilizomo nyumbani.

Niliingia chumbani, nikavuta droo. Vilikuwepo vidonge vyangu vya presha, dawa ya kuchua magoti, na nusu pakiti ya rangi mbili. Niliandikiwa na daktari wa meno. Jino lilipotulia nikaacha, nikazihifadhi kwa ajili ya siku nyingine. Mimi. Nilisimama na ile pakiti mkononi muda mrefu kuliko ilivyostahili. Ningeiacha palepale, nikatoka na ya presha na ya magoti, na binti angeandika majibu mazuri, akashukuru, akaenda zake.

Nilizitoa zote nikaziweka kwenye meza ya kibarazani. Neema alihesabu vilivyobaki, akaniuliza niliacha siku ya ngapi, akaandika, bila kunikunjia uso. Anaijua kazi. Nikamuuliza nani alimfundisha kuuliza hivyo. Akasema chuoni wote wanafundishwa, linaitwa swali la Dokta Zainabu. Akaniuliza kama namfahamu.

Wivu ulinipanda palepale, mbichi, kana kwamba ninasoma zile kurasa kwa mara ya kwanza. Nikasubiri ushuke kidogo.

"Namfahamu," nikamwambia. "Nilikuwepo alipoliuliza siku ya kwanza. Mimi ndiye niliyelificha."

Binti alinitazama, kidole kikiwa juu ya kioo, akaniuliza kwa heshima kama hilo nalo aliandike. Nikamwambia kwamba kwenye dodoso lake hilo halina nafasi. Aandike dawa za jino, kwa idadi yake, na hilo lingine nitaliandika mwenyewe.